Picha ya Tatu ya Canio

Dereva wa basi alituteremsha kilomita mbili kabla ya Ripalama, kwenye kona yenye kibanda cha muuza matikiti, akasema gari lake halipiti hapo tena. Barabara imekaa. Ndivyo alivyosema, imekaa, kama mtu aliyechoka. Upande wa bondeni lami ilikuwa imebonyea kwa urefu wa nyumba mbili, na serikali ya mkoa ilikuwa imepanga mapipa mekundu ya plastiki pamoja na kibao cha kuomba radhi ambacho maandishi yake yalishapaushwa na jua. Abiria wenzangu, wengi wao wakirudi likizo kutoka Torino na Ujerumani, walishusha masanduku yao bila kunung'unika, wakaanza kupanda mlima kwa miguu. Nimeishi kusini mwa Italia miaka kumi na minne na nimezoea barabara zinazokatika, lakini sikuwahi kuona watu wakilikubali jambo hilo kwa upole namna ile. Waliyapita yale mapipa kama mtu anavyompita jirani aliyesinzia kibarazani.

Kijiji kilikuwa juu yetu, cheupe kupita kiasi. Kila nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, na juu ya nyumba zote ulisimama mnara wa kengele. Nilikuwa nimekodi chumba kwa simu kwa bibi mmoja wa mtaa wa juu, nikaambiwa mwanawe atanipokea njiani. Nilimkuta ameketi juu ya ukuta mfupi: mtu mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na minne, mwenye mikono mikubwa iliyobabuka kwa dawa za kusafishia picha. Jina lake Canio Lasala. Alichukua mkoba wangu kabla sijamkataza.

Tulipopanda, wanawake wawili walikuwa wakishuka. Mmoja alikamata funguo zilizoning'inia kiunoni, wa pili akashika nondo ya uzio, kisha wote wawili wakamsalimia Canio kwa adabu, wakamwuliza hali ya mama yake. Aliwajibu vizuri. Walipokwisha kupita alicheka kwa pua.

"Usidhani hawanipendi," aliniambia. "Wananipenda. Ila wanapenda kunipenda wakiwa wameshika chuma."

Sababu ya chuma niliipata siku mbili baadaye, kidogo kutoka kwake na kidogo kutoka kwa wengine. Canio alizaliwa chini ya ule mnara. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Ujerumani kufanya kazi kwenye kiwanda cha matairi, akakaa huko miaka kumi na minne, akilala chumba kimoja na Mturuki wa Konya aitwaye Sabri, ambaye Jumapili aligeuza bafu la bweni kuwa chumba cha kusafishia picha. Sabri alimfundisha kungoja mwanga, na alimfundisha pia kutoliamini jicho lake mwenyewe mpaka karatasi ikauke. Canio aliporudi nyumbani alifungua studio karibu na uwanja wa kanisa. Alipiga harusi, ubatizo, picha za pasipoti. Kisha vijana wakahama, harusi zikahama nao, na kazi iliyobaki ikawa picha za makaburini, zile za duara dufu zinazochomwa juu ya kauri na kubandikwa kwenye jiwe.

Kazi hiyo ilimuudhi kwa jambo moja. Jamaa za marehemu walikuwa wakimletea picha mbovu: babu aliyekatwa kutoka kundi la harusi, mkono wa mtu mwingine ungali begani mwake, bibi aliyefumba macho kwa sababu ya jua la ufukweni. Kwa hiyo Canio alianza kuwaalika wazee waliovuka miaka sabini waje wapigwe picha wangali hai, bure, kwenye mwanga mzuri wa saa nne asubuhi. Mwanzoni walikuja wamevaa makoti ya Jumapili, wakitaniana nani atatoka mzuri zaidi kaburini. Halafu ukaja msimu wa baridi ambao watatu walioketi kwenye kiti chake walifariki ndani ya wiki tano. Tangu hapo wakaanza kushika chuma kila wamwonapo, maana huku huaminika kwamba chuma hukinga nuksi. Canio hakubishana na mtu. Alijipiga yeye mwenyewe, akaichoma picha kwenye kauri, akaiweka kwenye rafu ya dirishani ili wapita njia waione. "Nimeitangulia foleni," alisema, "na bado naishi. Lakini hakuna anayeihesabu hiyo."

Mambo ya nyota yalianza mwaka 2003. Ripalama wana desturi: usiku wa tatu wa sikukuu taa zote za kijiji huzimwa, watu wakatoka vibarazani kutazama vimondo, ambavyo huko huitwa machozi ya Mtakatifu Laurenti. Mwaka ule Canio alitaka kuvipiga picha, na mwaka ule ndipo mwezi mpevu uliangukia usiku uleule. Watu walimcheka. Kupiga vimondo chini ya mwezi mpevu, walimwambia, ni sawa na kuwinda vimulimuli saa sita mchana. Yeye alivuka bonde, akapanda kwenye uwanja wa zamani wa kupuria ngano, akampa mwezi mgongo na kuielekeza kamera kaskazini, kijijini. Alibana tundu la lenzi, akakiacha kifuniko cha ndani wazi kwa dakika ishirini.

Picha ile naijua vizuri, maana ilikuwa bado inaning'inia kwenye baa. Kijiji kinang'aa kama mchana wa ndotoni. Juu yake nyota zimejichora kuwa mistari iliyopinda, kana kwamba mtu alizungusha bikari kuizunguka nyota ya kaskazini. Kimondo kimoja tu kimeshinda mwanga wa mwezi, mkwaruzo mweupe upande wa kulia. Na mstari mmoja wa nyota umepita nyuma ya msalaba wa mnara, ukakatika vipande viwili.

Miaka iliyofuata alirudi palepale kila Agosti. Alikuwa amemwaga saruji na kuacha matundu matatu ya kusimamishia miguu ya stendi yake, ili asihangaike kupatafuta mahali. Usiku usio na mwezi alipata vimondo vingi, lakini kijiji kilizama gizani na mnara haukuonekana. Mwaka 2011 ndipo mwezi mpevu ulipoangukia tena usiku wa tatu. Kamera ileile, lenzi ileile, matundu yaleyale. Alipoisafisha ile picha aliona kwamba mstari wa nyota haukukatwa tena na msalaba. Msalaba uliugusa kwa chini tu, kama kidole kinavyogusa uzi.

Alidhani amekosea. Alirudi kupima matundu, akapima urefu wa miguu ya stendi, akapiga tena usiku uliofuata. Nyota hupita njia ileile kila mwaka. Haiwezi kuhama kwa ajili ya Ripalama. Basi kilichohama ni kitu kingine.

Alikwenda akawaambia. Kwa haki lazima niseme hawakumpuuza mara moja. Mhandisi wa mkoa alikuja, akakuta nyufa kwenye nyumba kumi na moja za mtaa wa juu, akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya kila ufa, huku na huku kwa plasta. Aliwaeleza wenye nyumba kwamba kioo hakinyumbuki: mlima ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kitapasuka, na hapo serikali itawahamisha. Kila mwaka katikati ya Mei msaidizi wake alikuja kuvikagua. Miaka kumi na moja mfululizo alivikuta vizima vyote. Akaandika kwamba mlima umetulia, na Canio akabaki mtu anayeziitia kifo hata nyumba.

Nilifika Ripalama mwezi ukiwa umebakiza siku mbili kukamilika, na Canio alikuwa na haja moja tu: picha ya tatu. Kama msalaba umeshuka tena, angekuwa na ushahidi wa miaka kumi na tisa. Mvua za vuli huanza Oktoba, na mlima ule, alisema, haumwogopi mtu yeyote ila maji. Mtaa wa juu, ambao siku za kawaida hulala watu ishirini na kitu, sasa ulikuwa na watu zaidi ya themanini, wajukuu wamelala watatu watatu kitandani.

Kikwazo kilikuwa taa. Mwaka ule waliohamia ughaibuni walikuwa wamechanga, wakaununulia mnara taa kubwa za kuumulika kutoka chini. Chini ya taa zile msalaba uligeuka mpira wa moto. Hakuna kamera ingeweza kuuona ukingo wake. Na kamati ya sikukuu ilikuwa imeamua kutozima taa safari hii.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Teodosio, mwenye baa, mtu mnene aliyesoma darasa moja na Canio. Nilikuwapo siku Canio alipokwenda kumwomba. Wacheza karata wanne walikuwa pale, na Teodosio alikuwa anafuta vikombe bila kumtazama. Alieleza kwamba uamuzi si wake peke yake. Wazee hujikwaa ngazini. Wa ughaibuni wamelipia taa na wanataka kuziona. Tena mwezi umejaa.

"Mwezi wote huu, Canio. Utaona nyota gani? Au unataka tuzime taa tukutazame wewe?"

"Nusu saa tu."

"Nusu saa ya nini?"

"Ya kimondo," alisema Canio. Hakutaja mlima.

Mmoja wa wacheza karata alisema bila kugeuka, "Mpe nusu saa yake, Teodosio. Ukimnyima atakupiga picha."

Walicheka, na niliona mikono miwili mitatu ikishuka chini ya meza, ambako miguu ilikuwa ya chuma. Teodosio aliweka kikombe chini. Aliwaza kidogo, akasema sawa, nusu saa, saa tano na nusu mpaka saa sita kamili ya usiku, kwa sharti moja. Alitaka kimondo juu ya mnara, picha nzuri, ya kalenda ya kanisa ya mwaka ujao.

"Na usiponiletea," alisema, "hadithi ya taa, hadithi ya mlima, hadithi ya mnara, nisizisikie tena mpaka nife."

"Ukifa sitakusumbua," alisema Canio. "Picha yako ninayo tangu harusi ya binti yako. Umetoka vizuri."

Teodosio ndiye aliyecheka wa kwanza, lakini hakucheka sana.

Usiku wa tatu tulivuka bonde mapema. Canio alibeba kamera mbili. Ya kidijitali ilikuwa kwa ajili ya Teodosio. Ingepiga picha fupi fupi mfululizo, kwa kuwa chini ya mwezi mpevu ukiacha lenzi wazi muda mrefu kwenye kamera ya namna hiyo anga hugeuka maziwa, na mkwaruzo wa kimondo ukamezwa humo. Ya pili ilikuwa ile ya zamani, ya filamu. Roli aliyoitia ilikuwa ya mwisho ya aina ile, ameihifadhi miaka mingi kwenye friji ya mama yake kati ya jibini na mayai. Picha moja tu, dakika ishirini. Angeikosea, mwezi mpevu usingerudi kwenye usiku ule mpaka yeye awe na miaka zaidi ya sabini.

Aliingiza miguu ya stendi kwenye matundu ya saruji. Alikunja kipande cha boksi kuizunguka lenzi, ili mwanga wa mwezi usiingie kwa ubavu. Kisha tulingoja. Nyasi zilikuwa kavu, kila kijiti kina kivuli chake. Ng'ambo, kijiji kilikuwa na muziki, na mnara ulikuwa unawaka.

Saa tano na nusu taa zikazimika mtaa kwa mtaa, kutoka chini kwenda juu, mnara ukawa wa mwisho. Muziki nao ukakatika. Nilitarajia giza, lakini giza halikuja. Mwezi uliishika chokaa ya zile nyumba na kijiji kikajitokeza chenyewe, kikavu, rangi ya mfupa, kila dirisha shimo jeusi. Sikuona dalili ya mtu, ingawa nilijua mamia walikuwa vibarazani wameinua nyuso. Canio alibonyeza waya wa kamera ya filamu, akaniambia nihesabu dakika.

Vimondo vilikuja kwa uchoyo. Kwanza viwili vidogo, mbali na mnara. Dakika ya kumi na moja bado kamera ya Teodosio haikuwa na kitu. Canio hakuitazama. Alikuwa anatazama mtaa wa juu.

Kisha mbwa wa kule juu walibweka wote kwa pamoja, kama walioitwa. Wakanyamaza. Na katika kunyamaza kwao nikasikia sauti kutoka mlimani, nzito na fupi, kama jiwe la kusagia lililozungushwa mara moja likaachwa.

"Umesikia?"

Nilisema nimesikia.

"Andika saa."

Niliandika: tano na dakika arobaini na nane. Sijamaliza kuandika, kimondo kikubwa kilishuka kutoka kulia kwenda kushoto, kijani mbele na chekundu nyuma, kikakata anga juu ya mnara na kuzima. Kutoka ng'ambo ulivuma mguno wa watu wengi, ukatufikia umechelewa. Canio alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu ya saruji, kama daktari.

Alisafisha filamu usiku uleule. Asubuhi nilimkuta jikoni kwa mama yake, ameitundika ikauke kwenye kamba moja na pilipili nyekundu, na mchana alikuwa na karatasi tatu mezani: ya 2003, ya 2011, na mpya. Hakuhitaji kunieleza. Kwenye ile ya tatu mstari wa nyota ulipita juu ya msalaba ukiwa peke yake, na kati ya msalaba na mstari kulikuwa na anga, upana wa punje ya ngano. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye pambizo la gazeti. Punje ile ya ngano, ng'ambo ya bonde, ni zaidi ya mita moja na nusu.

Teodosio alikuja kuchukua kimondo chake. Kilikuwa kizuri mno, alikishika kwa ncha za vidole. Kisha Canio akamwonyesha zile tatu. Teodosio aliziangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mtu wa mizaha lakini hakuwa mjinga.

"Vioo je?" akauliza hatimaye. "Nyota zako sawa. Lakini vioo vya mhandisi havijapasuka hata kimoja. Nani nimwamini?"

Tuliingia chumbani kwa mama, sisi watatu. Ukuta ulikuwa mweupe, na katikati ya weupe ule kilikuwapo kipande cha kioo, kirefu kama kiganja, kizima, kimepanguswa. Ufa wenyewe haukuonekana chini ya chokaa. Canio alikiinamia karibu kabisa. Nilimwona akianza kujitilia shaka, mabega yalimshuka. Akasema polepole kwamba labda ni saruji yake iliyozama, labda yeye ndiye aliyekuwa akiteremka miaka yote hii na si mnara. Teodosio alimshika mkono. Alikuwa anaona haya kwa niaba yake.

Mama yake Canio alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha mkate. Bibi Vitina ana miaka themanini na tisa, mdogo kama msichana wa darasa la tano, na hasikii vizuri ila anapotaka.

"Mnakitafutia nini kioo changu?"

"Tunatazama kama kimepasuka, Mama," alisema Canio.

"Kipasuke kwa nini? Kipya hicho. Hakina hata mwezi."

Hakuna aliyemwelewa kwa haraka, naye alikasirika kidogo kwa kulazimika kurudia maneno. Kile cha zamani, alisema, kilipasuka mwezi wa saba, kama vinavyopasuka kila mara. Nani analala chumba kimoja na kioo kilichopasuka? Tangu alipozaliwa anajua kwamba kioo cha namna hiyo humtafuta mtu wa nyumba ile. Kwa hiyo hukibandua, anakwenda kukitupa njia panda, anabandika kingine kwa plasta, anapaka chokaa. Mkata vioo huja kila Alhamisi sokoni na kipimo anacho. Si yeye peke yake. Wanawake wote wa mtaa wa juu hufanya hivyo, nyumba zote kumi na moja, na kabla ya yule kijana wa mhandisi kuja hupita kwa kila mmoja kuhakikisha hakuna nyumba itakayoaibika.

"Alinisifu," alisema. "Alisema laiti nyumba zote za mkoa huu zingetunzwa kama yangu."

Canio alikuwa ameketi kitandani. "Mama, mwaka huu umebadilisha vingapi?"

"Vinne."

"Na mwaka wa kwanza?"

Alifikiri, kisu cha mkate kingali mkononi. "Kimoja. Vioo vya siku hizi havina nguvu."

Mkono wa Teodosio ulikuwa umekamata chuma cha kitanda. Canio aliuona.

"Si mimi, Teodosio," alisema. "Safari hii si mimi."

Waliongea mpaka jioni. Teodosio alikubali kila kitu isipokuwa kufanya jambo lolote sasa. Sikukuu ilikuwa bado na siku mbili, sanamu ya mtakatifu haijarudishwa kanisani, na watu themanini utawaambia nini wakati hata serikali haijasema. Walipiga simu mkoani. Ilikuwa likizo ya katikati ya Agosti, na katika nchi hii siku hizo hata wezi hupumzika. Simu ililia ofisini mpaka ikachoka. Canio alijua kwamba mhandisi ana nyumba ya mapumziko pwani. Akasema atakwenda kumgongea mlango, na ikibidi atalala kwenye ngazi zake, na karatasi tatu na kile kioo mkononi.

Alitaka kuondoka na mama yake. Mama alikataa kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha kahawa. Alisema mtakatifu akihamishwa naye atahama, si kabla, na kwamba hajawahi kulala pwani na hataanza sasa. Canio hakuinua sauti. Alikibandua kioo kile kwa ncha ya kisu, akabandika kingine, akaandika tarehe na saa juu yake kwa kalamu nyekundu. Kisha aliniuliza kama naweza kukaa. Basi langu lilikuwa kesho yake na nilikuwa na ahadi Napoli, lakini nilisema naweza.

"Usimruhusu akibadilishe," aliniambia. "Na kikipasuka usikae kufikiri, wala usibishane naye. Mbebe. Ana kilo arobaini na moja, nimempima."

Kulipopambazuka alitoka amebeba bahasha ya kadibodi kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mtaa ulikuwa umelala. Kwenye kila kizingiti zilipangwa ndala za watoto. Bibi Vitina alimpa mkate na jibini, akamfuta vumbi begani, akamwambia akipita kanisani asimame. Mwanawe aliposhika njia ya kushuka, alinivuta ndani kwa mkono. Msafiri hatazamwi mpaka apotee, alisema, ni kumfungia njia ya kurudi. Nifunge mlango.

Niliusukuma. Ulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ukagoma. Niliusukuma kwa bega, ukalia, ukabaki wazi kwa upana wa kiganja juu na vidole viwili chini. Jana yake usiku niliufunga mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja.

"Unyevu," alisema Bibi Vitina. "Mbao huvimba."

Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Alirudi jikoni akanimiminia kahawa, nami nikabaki nimesimama pale, na kupitia ule mwanya nikaendelea kumwona Canio, mdogo, akishuka kwa haraka, asigeuke nyuma.